Gavana Anapopungukiwa na Umaarufu

Tangu magavana wa kwanza walipoapishwa mwaka wa 2013, kaunti nyingi za nchi yetu ya Kenya zimezoea mwendo mmoja. Gavana huingia ofisini kwa vigelegele na ngoma, na kabla kipindi chake cha kwanza hakijatimia, wale wale waliompigia vigelegele wamekwisha kumchoka. Siku hizi uchovu huo hupewa tarakimu. Kila baada ya miezi michache shirika fulani la utafiti hutoa orodha ya magavana, kuanzia yule anayesemekana kupendwa kuliko wote hadi yule anayeshika mkia, na redio na magazeti huitangaza orodha hiyo kana kwamba ni matokeo ya mtihani wa darasa la mwisho. Uchaguzi Mkuu umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na katika vigango na jumuiya ndogo ndogo watu wanaulizana: Je, gavana wetu atarudi?

Tahariri hii haina nia ya kumpigia debe gavana yeyote, wala ya kumchimbia kaburi. Nia yetu ni kuwaalika wasomaji, hasa ninyi viongozi wa walei ambao watu huwajia kutaka ushauri, mtafakari swali lililo nyuma ya hilo la kwanza. Umaarufu wa gavana unaposhuka, ni kitu gani hasa kilichoshuka? Na raia wanapomwondoa, wanapata nini badala yake?

Historia fupi ya ugatuzi inaonyesha kwamba kiti cha gavana ni kiti cha moto. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, magavana zaidi ya 20 wa kipindi cha kwanza walipoteza nafasi zao. Huko Nairobi Evans Kidero alishindwa na Mike Sonko. Kisumu ilimwacha Jack Ranguma ikamchukua Anyang' Nyong'o. William Kabogo wa Kiambu na Kinuthia Mbugua wa Nakuru hawakufika hata kwenye kura hiyo wakiwa na tiketi ya chama chao, kwa maana waliangushwa katika mchujo wa Jubilee mwezi wa Aprili. Na wapo wawili ambao anguko lao lilistahili kuzingatiwa kuliko lilivyozingatiwa: Isaac Ruto wa Bomet na Peter Munya wa Meru. Hawa walikuwa wenyeviti wawili wa kwanza wa Baraza la Magavana. Walisafiri nchi nzima wakitetea fedha za kaunti, wakabishana na Serikali ya kitaifa kwa ujasiri, na majina yao yakajulikana kila mahali. Walipokwenda nyumbani kuomba kura, wote wawili walishindwa. Sifa za nje hazikumwekea mtu wa Bomet wala wa Meru maji katika bomba.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba raia walipima kazi, wakaona imepungua, wakatoa hukumu ya haki. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 unatuzuia. Siku hiyo moja, magavana wanne wa eneo la kati na Bonde la Ufa waliogombea kwa tiketi ya Jubilee walianguka pamoja: Lee Kinyanjui wa Nakuru, James Nyoro wa Kiambu, Francis Kimemia wa Nyandarua na Ndiritu Muriithi wa Laikipia. Je, wote wanne walikuwa wavivu kwa kiasi kimoja? Je, barabara, zahanati na mifereji ya maji ilikuwa mibovu kwa kipimo kile kile katika kaunti zote nne? Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Lililowaangusha lilikuwa wimbi la chama. Watu walikuwa wamekasirishwa na Jubilee, wakahamia UDA, na waliobaki katika mashua ya zamani wakazama nayo. Huko Kirinyaga Anne Waiguru, aliyehamia UDA kabla ya kura, alirudi ofisini.

Kisha kuna jambo linaloshangaza zaidi. Mwaka huo huo wa 2022, magavana wanane waliokuwa wamekataliwa mwaka wa 2017 waliitwa tena na watu wale wale, wakiwemo Benjamin Cheboi wa Baringo, Kenneth Lusaka wa Bungoma, Simon Kachapin wa Pokot Magharibi, Joshua Irungu wa Laikipia, Issa Timamy wa Lamu, Nathif Jama wa Garissa na Ahmed Abdullahi wa Wajir. Yawezekana kwamba miaka mitano ya kukaa nje iliwafundisha unyenyekevu. Yawezekana pia kwamba aliyewafuata alikuwa mbaya kuliko wao, au kwamba hesabu za koo na vyama ziligeuka. Kwa vyovyote vile, mtu aliyeonekana hafai mwaka wa 2017 akaonekana anafaa mwaka wa 2022 bila kuwa na kazi yoyote mpya ya kaunti ya kuonyesha, maana hakuwa ofisini.

Tuitazame Meru kwa utulivu, kwa sababu hakuna kaunti iliyolionja jambo hili kwa uchungu zaidi. Munya aliingia 2013 akatolewa 2017. Kiraitu Murungi, mwanasiasa mkongwe aliyekuwa seneta na waziri, alichukua nafasi yake akatolewa 2022. Tena hakuwa hata wa pili, bali wa tatu. Aliyeshinda alikuwa Kawira Mwangaza, mgombea huru asiye na chama, aliyepata kura 209,148 mbele ya Mithika Linturi wa UDA aliyepata 183,859. Mama huyu aliwashinda vigogo wawili bila mashine ya chama chochote. Alijulikana kwa mpango wa hisani wa Okolea uliogawa ng'ombe na kuwajengea maskini nyumba, na wanyonge wengi walimwona kuwa wao.

Miezi minne tu baada ya uchaguzi, Desemba 2022, wawakilishi wa wadi (ambao wazee wetu bado huwaita madiwani) walipiga kura ya kumwondoa. Walikuwa 67. Kamati maalumu ya Seneti ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Oktoba 2023 wakarudi tena, safari hii wakiwa 59, na Seneti nzima ikayakataa mashtaka yote. Agosti 2024 wakarudi mara ya tatu. Waliounga mkono sasa walikuwa 49, na ndipo Seneti ilipokubali: kura 26 za kumwondoa, 4 za kumtetea, na 14 waliokaa kando. Mahakama Kuu ilisimamisha uamuzi huo kwa muda, kisha Machi 2025 ikaukubali, na naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa.

Tazameni mteremko wa hesabu hizo. Idadi ya wawakilishi waliomtaka aondoke ilikuwa ikipungua kila mara, na ile ndogo kuliko zote ndiyo iliyofaulu. Hatusemi kwamba mashtaka yalikuwa ya uongo. Seneti iliyasikiliza na mahakama ikapitia utaratibu. Tunasema kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka miwili kaunti nzima iliishi katika kesi. Mgonjwa wa Igembe na mkulima wa Imenti walikuwa wakingoja huduma, na bunge lao lilikuwa likihesabu saini. Wala si haki kulitwika bunge peke yake mzigo huo. Gavana anayeshindwa kuelewana na karibu bunge lake lote mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, naye ana jambo la kujibu, hata kama ana watu wengi barabarani wanaomshangilia. Kupendwa na umati hakumpi mtu ruhusa ya kuongoza peke yake.

Katika miaka hiyo yote ya mvutano, mpiga kura wa Meru hakuulizwa neno. Katiba yetu inampa raia haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wake kabla ya muda, katika kifungu cha 104, lakini haimpi haki hiyo juu ya gavana. Kifungu cha 181 kinaiweka kazi hiyo mikononi mwa bunge la kaunti na Seneti. Kule California, nchini Marekani, raia wenyewe walikusanya saini wakamwondoa Gavana Gray Davis kwa kura mwezi wa Oktoba 2003, hata mwaka mmoja haujatimia tangu wamchague tena. Huenda wengine wakasema utaratibu ule ni wa vurugu. Lakini angalau hasira iliyohesabiwa ilikuwa ya raia wenyewe. Kwetu hasira inayohesabiwa ni ya wawakilishi, na hasira ya mwakilishi huweza kuwa ya raia au ya zabuni aliyonyimwa. Mwezi wa Septemba 2025 wawakilishi wa Nairobi walikuwa tayari wamekusanya saini dhidi ya Gavana Johnson Sakaja, na hoja ikawekwa kando baada ya viongozi wakuu wa vyama kuingilia kati. Kama makosa waliyoyataja yalikuwa ya kweli, yalikwenda wapi usiku ule? Na kama hayakuwa ya kweli, saini zilitoka wapi?

Embu nayo ina fundisho lake. Martin Wambora alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti, mwezi wa Februari 2014, kwa mashtaka yaliyohusu ununuzi wa mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo. Mahakama ikamrudisha. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Seneti ikamwondoa tena, na mahakama ikamlinda tena. Kila mtu alisema habari yake imekwisha. Mwaka wa 2017, vigogo kadhaa walipokuwa wakianguka kushoto na kulia, Wambora alichaguliwa tena, ingawa kwa tofauti ndogo sana ya kura, na baadaye akawa mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Anayetabiri mwisho wa gavana kutokana na kelele za mwaka wa pili aukumbuke mfano huu.

Sasa tuseme juu ya zile tarakimu zenyewe. Mtafiti anayetaka kujua mawazo ya watu hawezi kumwuliza kila mmoja. Huwauliza wachache waliochaguliwa bila upendeleo, na kutokana na hao akakisia walio wengi. Mama anayepika githeri haimalizi sufuria ndipo ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja, lakini kwanza hukoroga. Uchunguzi usiokorogwa, yaani ulioulizwa mjini tu, au kwa simu tu, au kwa watu wa upande mmoja wa kaunti, huonja chumvi ya juu peke yake. Na kijiko chenyewe kina kipimo. Shirika likiwauliza watu 2,400 katika nchi nzima, kila kaunti hupata kwa wastani watu 50 hivi. Kwa watu 50, kosa linaloruhusiwa katika hesabu ni kama asilimia 14 juu au chini. Maana yake gavana anayetangazwa kuwa na asilimia 45 huenda kwa kweli ana 31, au huenda ana 59. Ili kosa hilo lishuke hadi karibu asilimia 5, ni lazima wahojiwe watu 400 katika kaunti hiyo moja. Kwa hiyo gavana anayetoka nafasi ya tisa akaenda ya kumi na saba huenda hakusogea hata kidogo, na yule anayelipia ukurasa mzima wa gazeti kujipongeza kwa kuwa wa tatu huenda anapongeza upepo.

Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu kutangaza kura za maoni za uchaguzi inataka anayetangaza aseme aliyegharimia uchunguzi, idadi ya waliohojiwa na kiasi cha kosa. Ni sheria nzuri isiyotumiwa sana na wasikilizaji. Mtu akikuletea orodha ya magavana katika simu yako, muulize hayo matatu kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Akikosa kuyajibu, hiyo si kura ya maoni bali ni tangazo la biashara.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuzidharau tarakimu zote. Umaarufu ukishuka mwaka hadi mwaka, katika uchunguzi wa mashirika mbalimbali, kuna jambo. Na kwa kadiri tunavyoona, mara nyingi jambo hilo huanzia hospitalini. Afya ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizogatuliwa, nayo ndiyo humkutanisha mwananchi wa kawaida na serikali ya kaunti akiwa katika hali dhaifu kabisa. Madaktari waligoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakagoma tangu Juni hadi Novemba 2017, hivi kwamba uchaguzi wa Agosti ulifanyika wakati zahanati nyingi za umma hazina muuguzi. Mwanamke aliyejifungulia njiani hakuhitaji shirika la utafiti kumwambia maoni yake. Walipoanguka magavana wale zaidi ya 20, wachambuzi wa Nairobi walizungumza habari za miungano ya vyama, na wachache tu walikumbuka milango ya zahanati iliyokuwa imefungwa.

Haki inatudai pia tumtazame gavana kwa macho ya kweli. Si kila upungufu ni wake. Mgawo wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa fedha wa 2013/14. Katika mwaka wa 2025/26 ulipangwa kuwa bilioni 415. Ni ongezeko kubwa kwa kutazama, lakini bei za vitu hazikusimama zikingoja. Tena fedha hizo hucheleweshwa na Hazina ya taifa kwa miezi. Katika mwaka wa 2024/25 kaunti zilikuwa zimekwisha kuahidiwa bilioni 400.1, na baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana ya Juni 2024, zikapunguziwa hadi bilioni 387.4. Mfanyakazi wa kaunti anayelipwa mshahara wa Januari mwezi wa Machi humlaani gavana, na pengine mwenye kulaumiwa amekaa katika ofisi nyingine kabisa. Gavana mwadilifu angefungua vitabu na kuwaonyesha watu: tulitumaini hiki, tumepata hiki, tumekitumia hivi. Tatizo ni kwamba wengi hawavifungui, kwa sababu kurasa nyingine za vitabu hivyo hawapendi zisomwe.

Gavana aliyesikia kwamba umaarufu wake umeshuka hufanya nini? Tumeiona tabia hiyo mara mbili sasa, na hatuna sababu ya kudhani ya tatu itakuwa tofauti. Tingatinga zilizolala miaka mitatu huamka. Barabara hupakwa lami nyembamba karibu na soko. Mawe ya msingi huwekwa mahali ambapo hakuna fedha iliyopangwa. Vibarua huajiriwa kwa miezi sita. Misaada ya karo hutolewa hadharani, mbele ya kamera, kana kwamba ni pesa za mfukoni mwake na si kodi ya yule yule anayepiga magoti kushukuru. Kazi hizi hazina ubaya kwa sababu zimechelewa tu. Barabara ni barabara hata ikija mwaka wa tano. Ubaya wake ni kwamba nyingi hufanywa kwa mkopo wa mwenye duka na mkandarasi mdogo, ambaye hupewa kazi leo na kuambiwa angoje malipo. Kufikia Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya namna hii ya takriban shilingi bilioni 180. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna watu wa parokia zetu: kijana aliyechukua mkopo akapeleka mchanga na kokoto, mjane aliyelisha semina ya kaunti kwa siku tatu. Gavana akishindwa, mrithi wake huunda kamati ya kukagua madeni, na kamati hukaa mwaka, na benki haikai.

Hapa ndipo kubadilisha magavana kila miaka mitano kunapoonyesha gharama yake. Nakuru na Nyandarua kila moja iliona gavana wa tatu katika vipindi vitatu. Kiambu iliona wanne, maana Ferdinand Waititu aliondolewa na Seneti Januari 2020 katikati ya kipindi na naibu wake akamaliza. Kila anayeingia hupenda kuanza upya. Soko lililofika kwenye lenta huachwa lisiezekwe, kwa sababu likimalizika litaitwa kwa jina la mwingine. Kuna viongozi ambao wangependelea kuta zile ziote magugu kuliko kukata utepe wa kazi ya mtangulizi wao. Hatulisemi hili ili kuwashauri watu wavumilie gavana mbaya. Gavana aliyekula fedha za dawa aende zake, na aende mahakamani pia. Tunalisema kwa sababu mara nyingi tunamfukuza mtu na kuuacha utaratibu uliomruhusu ule ule, kisha tunastaajabu mrithi wake anapofanana naye.

Kuna jambo moja ambalo linatugusa sisi wenyewe, nalo ni harambee za kanisani. Gavana anayepungukiwa na umaarufu hulikumbuka kanisa. Huja Jumapili na msafara, huketishwa mbele, hupewa kipaza sauti kabla ya baraka ya mwisho, na bahasha yake hutangazwa kwa sauti kuu kuliko sadaka ya mama aliyeuza mboga wiki nzima. Mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto zirudishwe, pamoja na shilingi 200,000 zilizotolewa na Gavana wa Nairobi kwa ajili ya kwaya. Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya waumini. Walisema jengo la mapadre halijengwi kwa matamko. Tunaelewa shida yao. Lakini halmashauri ya parokia inayopokea bati kutoka kwa gavana mwezi wa tano itamwulizaje habari za zahanati mwezi wa saba? Mwenyekiti wa walei ambaye jina lake limeandikwa katika orodha ya waliofadhiliwa hawezi tena kuongoza kikao cha raia kuhojiana na wagombea. Watu watamwona, hata wasipomwambia.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kumjibu anayeuliza kama gavana atarudi, ombeni vitabu. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ule uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Uchukueni, mtafute wadi yenu, msome ni nini kiliahidiwa kwa maandishi. Kisha chukueni taarifa za Mdhibiti wa Bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka na ambazo kila raia anaruhusiwa kuzisoma, mwone ni kiasi gani kilikwenda kwenye maendeleo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka kisipungue asilimia 30 ya bajeti. Kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi hazitimizi hata moja kati ya hayo mawili. Kifungu cha 35 cha Katiba, pamoja na sheria ya mwaka wa 2016 kuhusu kupata habari, vinampa raia haki ya kuomba karatasi hizi kwa barua na kujibiwa. Jumuiya moja yenye mwalimu mstaafu na kijana anayejua kutumia kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo kwa majuma mawili, na matokeo yake yatakuwa na uzito kuliko kura kumi za maoni, kwa sababu yatahusu kisima fulani katika kijiji fulani ambacho kila mtu anaweza kukiendea kwa miguu akakuta kina maji au hakina.

Kalenda inafaa kuangaliwa pia. Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Vikao vya kuwasikiliza wananchi huitishwa katika miezi hiyo, kwa kawaida siku ya kazi, kwa tangazo la juma moja, katika ukumbi ulio mbali. Wanaofika ni wale wale wanaopewa nauli. Viongozi wa walei wa kila kigango wajue tarehe hizo mapema na wapeleke watu wawili walioisoma karatasi. Bajeti ya mwisho ambayo magavana wa sasa wanaweza kuitekeleza mwaka mzima kabla ya kura ni ya mwaka wa fedha wa 2026/27, utakaofungwa tarehe 30 Juni 2027. Kuanzia hapo hadi siku ya kupiga kura zitakuwa zimebaki siku 41, na kila jiwe la msingi litakalowekwa katika siku hizo litakuwa limewekwa juu ya fedha za gavana ajaye, awe ni yeye mwenyewe au ni mtu mwingine.